Ukali wa Mpando: Wastani Bila Swali Lake Ni Nusu ya Jibu

Mwezi Septemba mwaka 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, na kila mpando mkubwa wa njia ile ulitangazwa pamoja na takwimu zake: Kigali Golf, mita 800 kwa ukali wa wastani wa asilimia 8.1, Kimihurura, kilomita 1.3 kwa asilimia 6.3, Mlima Kigali, kilomita 5.9 kwa asilimia 6.9; na Ukuta wa Kigali, mita 400 kwa asilimia 11. Takwimu za namna hii huandikwa magazetini na kusomwa redioni, na watu huzipokea kama wapokeavyo uzito wa gunia la mahindi.

Lakini ukali wa wastani si kitu cha jinsi hiyo. Gunia lina uzito mmoja, hata likipimwa na watu kumi kwa mizani kumi zilizo sawa. Mpando, kwa upande wake, una wastani zaidi ya mmoja, na kila mmoja wao ni wa kweli. Hutegemea mpimaji ameanzia wapi, amekomea wapi, amegawanya kwa umbali upi, na zaidi ya yote, alitaka kujua nini. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aliyefundishwa kukokotoa wastani bila kufundishwa kuuliza swali lake amepewa nusu tu ya elimu; na nusu hiyo, kama itakavyoonekana, inaweza kumdhuru yeye au mtu mwingine.

Hesabu yenyewe

Kanuni ya ukali wa mpando ni nyepesi. Kimo kilichopandwa hugawanywa kwa umbali wa mlalo, yaani umbali ambao ungepimwa kama ardhi ingekuwa tambarare, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Barabara inayopanda mita 8 katika kila mita 100 za mlalo ina ukali wa asilimia 8.

Hapa yapo makosa mawili yanayotokea mara kwa mara darasani, na yafaa yaondolewe mapema. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba asilimia 100 ni ukuta uliosimama wima. Sivyo. Asilimia 100 ni kupanda mita 100 kwa mlalo wa mita 100, nayo ni pembe ya nyuzi 45. Ukuta uliosimama wima hauna asilimia yoyote, kwa sababu mlalo wake ni sifuri, na hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri.

Kosa la pili ni la hila zaidi. Gurudumu la baiskeli halipimi mlalo. Hupima urefu wa barabara yenyewe, ambao katika pembetatu mraba ni ule upande mrefu unaoikabili pembe mraba. Anayegawanya kimo kwa urefu wa barabara anapata saini ya pembe, na anayegawanya kwa mlalo anapata tanjenti yake. Je, tofauti hiyo ni kubwa? Kwa mpando ambao gurudumu linaonyesha asilimia 10, nadharia ya Pythagoras inatoa asilimia 10.05 kwa mlalo. Tofauti hiyo haimsumbui mtu. Kwa hiyo katika barabara za kawaida inaruhusiwa kabisa kutumia gurudumu. Lakini katika barabara yenye ukali wa karibu asilimia 35 kwa mlalo, gurudumu litaonyesha asilimia 33, na pengo la asilimia mbili linatosha kuzusha ugomvi.

Ugomvi wa kupima umewahi kutokea kweli. Mtaa wa Baldwin Street, katika mji wa Dunedin nchini New Zealand, ulijulikana kwa miaka mingi kuwa ndio mtaa wenye mpando mkali kuliko yote duniani. Mwaka 2019 Guinness World Records waliuondolea sifa hiyo wakaupa mtaa wa Ffordd Pen Llech, katika mji mdogo wa Harlech, Wales, uliopimwa na kupewa asilimia 37.45. Wakazi wa Dunedin walikata rufani. Hoja yao haikuwa kwamba hesabu ya Wales ilikosewa. Hoja yao ilikuwa kwamba mtaa wa Harlech una kona, na penye kona ukingo wa ndani ni mfupi kuliko ukingo wa nje; kimo kilekile kikigawanywa kwa umbali mfupi, asilimia hupanda. Mwaka 2020 iliamuliwa kwamba mitaa yote ipimwe kwa kufuata mstari wa katikati. Kwa kipimo hicho Baldwin Street ilipata asilimia 34.8 na Ffordd Pen Llech asilimia 28.6. Hakuna jiwe hata moja lililosogezwa mahali pake. Kilichobadilika ni kukubaliana juu ya nini kinapimwa.

Mwanzo ni wapi?

Mfano mwingine unatoka kusini mwa Ufaransa. Mlima Ventoux, wenye kimo cha mita 1,910 hivi, ni miongoni mwa mipando mashuhuri sana katika mbio za baiskeli. Kutoka kijiji cha Bédoin hadi kileleni ni kilomita zipatazo 21.5, na wastani wake hutajwa kuwa asilimia 7.5. Lakini katika mbio za Tour de France za mwaka 2025 mpando huohuo, upande uleule, uliandikwa kuwa kilomita 15.7 kwa asilimia 8.8. Msomaji asiye na uzoefu anaweza kudhani kwamba mmoja kati ya wapimaji hao wawili amedanganya.

Na ichukuliwe kalamu. Kilomita 21.5 kwa asilimia 7.5 ni kimo cha mita 1,612 hivi. Kilomita 15.7 kwa asilimia 8.8 ni kimo cha mita 1,382 hivi. Tofauti ya vimo ni mita 230, na tofauti ya umbali ni kilomita 5.8. Mita 230 zikigawanywa kwa mita 5,800 jibu ni asilimia 4. Siri imefichuka: kilomita karibu sita za mwanzo kutoka Bédoin ni za mpando mpole, kisha mlima wenyewe huanza. Mpimaji mmoja alianzia kijijini, mwingine alianzia pale miguu inapoanza kulalamika. Wote wawili wamesema kweli, na aliyezijua takwimu zote mbili ameujua mlima kuliko aliyeijua moja.

Hali huwa ngumu zaidi pale barabara inapoteremka katikati ya kupanda. Katika milima ya Alps ipo njia ya Col de la Croix de Fer, yenye kilele cha mita 2,067. Kwa upande wa magharibi hupandwa kwa kilomita karibu 29, na wastani wake ni asilimia 5 tu, wastani ambao ungemfanya mtu aidhanie njia hiyo kuwa ya wazee. Lakini barabara hiyo inapofika karibu na bwawa la Grand'Maison huteremka, na mpanda baiskeli hulazimika kukipanda tena kimo alichokipoteza. Anayetoa kimo cha mwanzo katika kimo cha mwisho hakioni kimo kilichopandwa mara mbili. Kwake yeye mteremko umefuta mpando, kama deni linavyofuta akiba. Lakini miguu haina daftari la namna hiyo. Ndiyo sababu katika njia kama hiyo vimo viwili sharti vitajwe: kimo halisi kati ya ncha mbili, na jumla ya kimo chote kilichopandwa.

Kosa la kujumlisha asilimia

Na irudiwe mipando ya Kigali. Mwanafunzi aulizwe: Mlima Kigali una asilimia 6.9, Ukuta wa Kigali una asilimia 11. Je, wastani wa mipando hiyo miwili ni asilimia ngapi? Wanafunzi wengi, na hata watu wazima wengi, watajumlisha 6.9 na 11, watagawanya kwa mbili, na kuandika asilimia 8.95.

Jibu hilo si sahihi. Mlima Kigali una kilomita 5.9, Ukuta una mita 400 tu. Haiwezekani vikapewa sauti sawa katika kura moja. Njia iliyo sawa ni kurudi kwenye vimo. Mita 5,900 kwa asilimia 6.9 ni kimo cha mita 407. Mita 400 kwa asilimia 11 ni kimo cha mita 44. Jumla ni mita 451 kwa umbali wa mita 6,300, na wastani ni asilimia 7.2. Kati ya asilimia 8.95 na asilimia 7.2 lipo kosa la karibu robo nzima ya jibu.

Mipando ya Kigali Golf na Kimihurura, ikikokotolewa kwa njia isiyo sahihi, inatoa asilimia 7.2, na kwa njia sahihi inatoa asilimia 7.0. Hapa kosa ni dogo, kwa kuwa mipando hiyo haitofautiani sana kwa urefu wala kwa ukali. Jambo hili ni la hatari katika ufundishaji: mfano ukichaguliwa vibaya, njia isiyo sahihi hutoa jibu linalokaribia ukweli, na mwanafunzi huondoka darasani akiiamini. Mwalimu mwangalifu huchagua mfano ambao kosa litaonekana waziwazi.

Miguu huhesabu dakika

Yafaa sasa kuangalia jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Chukuliwe barabara mbili za kubuni, kila moja ikiwa na urefu wa kilomita moja na kimo cha mita 50. Barabara ya kwanza inapanda kwa ukali uleule wa asilimia 5 mwanzo hadi mwisho. Barabara ya pili ina mita 800 za asilimia 2.5, ambazo zinapanda mita 20, na mita 200 za asilimia 15, ambazo zinapanda mita 30. Wastani wa barabara zote mbili ni asilimia 5 kamili.

Na apite mtu mwenye baiskeli ya kawaida isiyo na gia, akiwa amefunga mzigo nyuma. Uzito wa mtu, baiskeli na mzigo uwe kilo 100. Kazi inayofanywa dhidi ya mvutano wa dunia ni uzito mara kimo: kilo 100, mara 9.8, mara mita 50, yaani kilojuli 49. Kazi hiyo ni ileile katika barabara zote mbili, na hapa wastani unastahili heshima yake yote. Anayetaka kujua nishati inayohitajika, au kiasi cha chakula ambacho mwili utaunguza, anahitaji kimo tu, na wastani pamoja na urefu unampa kimo hicho bila kosa.

Lakini mwili hauulizi kazi peke yake. Huuliza pia kani na kasi ya kufanya kazi. Katika asilimia 5, kani inayouvuta mzigo huo kurudi chini ni nyutoni 49 hivi. Katika asilimia 15 ni karibu nyutoni 145, yaani mara tatu. Baiskeli isiyo na gia huanza kuyumba ikienda polepole mno. Mwendo wa kilomita 7 kwa saa katika asilimia 5 unataka wati zipatazo 95. Mwendo huohuo katika asilimia 15 unataka wati zaidi ya 280. Mtu mwenye afya anayefanya kazi kutwa hutoa takriban wati 75. Kwa muda mfupi anaweza kujikakamua akazidisha mara kadhaa, lakini si kwa mita 200 akiwa na mzigo. Katika barabara ya kwanza mtu huyu atapanda akiwa ameketi. Katika barabara ya pili atashuka na kusukuma.

Na ikiwa katika sehemu ya upole alikwenda kilomita 15 kwa saa, zile mita 800 zilimchukua dakika 3.2. Akisukuma kwa kilomita 3 kwa saa, zile mita 200 zitamchukua dakika 4. Hapo ndipo penye ajabu ya hesabu hii. Sehemu kali ni moja ya tano ya barabara, lakini imekula zaidi ya nusu ya safari. Ukali ukipimwa kwa uzito wa dakika badala ya mita, wastani wa barabara hiyo hauwi asilimia 5 tena. Unakuwa asilimia 9.4.

Basi mtu huyo akifika juu, akaambiwa kwamba mpando alioumaliza ni wa asilimia 5, akakataa kuamini, asidhaniwe kuwa ni mjinga asiyejua hesabu. Ramani imehesabu mita, yeye amehesabu dakika. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila maswali yake si mamoja.

Kinachoweza kupotea

Baadhi ya watu watasema kwamba mambo haya ni ya wanamichezo, na kwamba taifa lina shida kubwa kuliko ukali wa vilima. Hoja hiyo haina uzito. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati baiskeli si chombo cha michezo kwanza. Ni lori la maskini. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa. Katika barabara ya milimani kati ya Bujumbura na Bugarama, nchini Burundi, vijana wenye baiskeli hujulikana kwa kuteremka na ndizi kwa kasi kubwa, kisha kurudi juu wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Kijana huyo hashikilii lori kwa kupenda mchezo. Anashikilia kwa sababu ipo sehemu ya mpando ambayo miguu na gia moja haviwezi kuilipa, na sehemu hiyo haionekani katika wastani wowote.

Mteremko nao una hesabu yake. Kilo 100 zinazoshuka kimo cha mita 407, kama cha Mlima Kigali, huachilia nishati ya kilojuli 400 hivi. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20, na ziada ikabaki. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, lakini iliyobaki sharti ipite katika breki. Ikipita polepole, breki hupoa njiani. Ikipita yote katika mita mia chache zilizo kali, raba huungua na rimu hupata moto. Dereva wa lori lenye tani kadhaa ana tatizo hilohilo kwa ukubwa usiolinganishwa. Kibao cha barabarani kinachoonya juu ya mteremko kitamsaidia zaidi kikimweleza ukali wa sehemu mbaya kuliko zote, pamoja na urefu wake, kuliko kikimpa wastani wa mlima mzima.

Mfano mdogo kuliko wote uko mlangoni mwa shule, zahanati na ofisi. Njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, kwa kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, isizidi kimo kimoja kwa mlalo wa kumi na mbili, yaani asilimia 8.3. Mwashi akijenga njia ya mita 6 kufikia kizingiti cha nusu mita, ametimiza kipimo. Lakini akijenga mita 4 za kwanza kwa asilimia 5, kisha akamalizia mita 2 kwa asilimia 15, wastani wake bado ni asilimia 8.3. Mkaguzi akiwa na wastani tu mkononi ataipitisha kazi hiyo. Mtoto aliye katika kiti atafika katikati na kukwama, au atarudi nyuma na kuanguka. Wastani hautaona aibu; aibu ni ya aliyeutumia mahali pasipofaa.

Kilima kama maabara

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha za kigeni. Karibu na shule nyingi pana kilima au walau barabara inayopanda, na kilima ni maabara isiyohitaji kufungwa kufuli.

Umbali utapimwa kwa gurudumu la baiskeli. Kitambaa kifungwe kwenye spoki, gurudumu lizungushwe mara moja juu ya sakafu, na umbali uliopitwa upimwe kwa futi kamba. Gurudumu la baiskeli kubwa ya inchi 28 huenda mita 2.2 hivi kwa mzunguko mmoja, lakini kila kundi lipime gurudumu lake lenyewe. Kisha baiskeli isukumwe kando ya barabara, mbali na magari na chini ya uangalizi wa mwalimu, na mizunguko ihesabiwe.

Ukali wa mahali pamoja utapimwa kwa ubao wa mita 2 na pimamaji ya mwashi. Ncha moja ya ubao iwekwe chini upande wa juu wa mpando, ncha nyingine iinuliwe hadi ubao ulale sawasawa, na nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi ipimwe. Sentimita 16 kwa mita 2 ni asilimia 8. Kipimo kirudiwe kila baada ya umbali ulio sawa, tuseme kila mita 20, wala si pale tu panapovutia macho. Kundi moja lipime kila mita 20, kundi jingine lichague lenyewe mahali pa kupima, kisha wastani wao ulinganishwe. Tofauti itakayoonekana itawafundisha wanafunzi juu ya uteuzi wa sampuli kuliko mhadhara wa saa nzima.

Kimo kizima kinaweza kupatikana kwa mpira mwembamba unaopitisha nuru, uliojazwa maji, kama watumiavyo waashi kusawazisha kuta. Maji katika ncha mbili za mpira husimama usawa mmoja daima. Shule yenye simu au kifaa cha kupima kimo kwa setilaiti au kwa kanieneo ya hewa ikitumie pia, lakini kwa kukihoji. Karibu na usawa wa bahari, badiliko la hektopaskali moja ya kanieneo ni sawa na kimo cha mita 8 hivi, na hali ya hewa peke yake inaweza kuleta badiliko hilo kabla ya chakula cha mchana. Kosa la mita 5 katika mpando kama Mlima Kigali, wa kilomita 5.9, ni chini ya moja ya kumi ya asilimia moja ya ukali. Kosa hilohilo katika mita 400 za Ukuta wa Kigali linageuza asilimia 11 kuwa asilimia 12.25. Kifaa ni kilekile, lakini kinaaminika katika mlima mrefu na hakiaminiki katika mfupi.

Mwisho, kila kundi lichore picha ya mpando: umbali kwenye mstari wa mlalo, kimo kwenye mstari wa wima. Mstari ulionyooka uchorwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari huo ndio wastani. Mahali ambapo barabara inaupita mstari huo kwa ukali, na mahali ambapo inalala chini yake, ndipo penye habari ambayo wastani umeificha. Mwanafunzi aliyeuona mchoro huo kwa mkono wake mwenyewe amepiga hatua ya kwanza kuelekea hesabu za mabadiliko, ambamo ukali wa nukta moja huulizwa, kabla hajalisikia jina lake.

Hoja za wanaopinga

Walimu wana haki ya kusema kwamba muda ni mchache, madarasa ni makubwa, na mtihani hauulizi habari za vilima. Ni kweli kwamba mtihani huuliza wastani kwa namna nyepesi zaidi. Lakini kipindi kimoja cha mara mbili kinatosha kwa zoezi hili, nalo linagusa mada nyingi kwa pamoja: uwiano, asilimia, nadharia ya Pythagoras, tanjenti, michoro, kazi na nishati. Mada hizo zikifundishwa moja moja ubaoni hula vipindi vingi zaidi, na aghalabu hubaki kama visiwa visivyo na madaraja.

Wengine watasema kwamba kumzoeza mwanafunzi kuutilia shaka wastani kutamfanya adharau takwimu zote. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana yupo mtu asemaye kwamba takwimu zote ni uongo, na mtu huyo hana faida kwa jamii kuliko yule anayeziamini zote. Lakini asiyejua tofauti ya maswali ndiye anayeishia kudharau; siku atakayokuta Ventoux ya asilimia 7.5 na Ventoux ya asilimia 8.8, atatupa zote mbili. Aliyefundishwa vyema atachukua kalamu, na kutoka katika tofauti ya takwimu hizo mbili atazigundua kilomita sita za upole ambazo hakuna aliyemwambia habari zake.

Kwa hiyo inapasa iwe desturi katika shule za sekondari kwamba wastani usipokelewe daftarini ukiwa peke yake. Uandamane na mambo manne: mwanzo na mwisho wa kilichopimwa, umbali au muda uliotumika kugawanya, thamani ya juu kabisa iliyoonekana njiani, na sentensi moja inayoeleza swali ambalo wastani huo unalijibu. Mwanafunzi asiyeweza kuandika sentensi hiyo ya mwisho hajamaliza hesabu yake, hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Desturi hiyo ikishika mizizi haitakomea kwenye baiskeli. Mkulima huambiwa wastani wa mvua ya mwaka, na mahindi yake hukauka katika wiki tatu ambazo mvua haikunyesha. Kijiji huambiwa wastani wa umbali wa kwenda kisimani, na ipo kaya inayotembea mara tatu ya umbali huo kila asubuhi. Wanafunzi wa leo ndio watakaokaa kesho katika ofisi ambazo takwimu hizo huandikwa. Itakuwa heri kwa mkulima na kwa kaya ile ya mbali iwapo watu hao, wakiwa bado vijana, walisukuma baiskeli kando ya kilima, wakahesabu mizunguko, na kujionea wenyewe kwamba palipo na asilimia 5 kwenye karatasi panaweza kuwapo mita 200 ambazo hakuna mtu awezaye kuzipanda akiwa ameketi.